Wilbert Chagula Anakabidhi Mlimani

Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kusimama peke yake. Kabla ya hapo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Wanaosimulia historia ya chuo hicho huifanya tarehe hiyo kuwa ya sherehe, na jina linalotajwa ni la Pius Msekwa, makamu mkuu wa chuo wa kwanza. Ni haki yake. Lakini aliyeingia aliingia mahali pa aliyetoka, na aliyetoka mwaka ule alikuwa Dkt. Wilbert Chagula, daktari na mwalimu wa anatomia, Mtanzania wa kwanza kukiongoza chuo kile. Alikishika miaka mitano, miaka ambayo ingeweza kukivunja. Kilipofikia hadhi ya chuo kikuu kamili, usukani ukapewa mwingine. Nataka kumkumbuka yeye, kwa jinsi alivyopokea na alivyokabidhi.

Naandika kutoka Lweba, katika eneo la Fizi huku Kongo, kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Baraka. Msomaji anaweza kuuliza Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, inatuhusu nini. Inatuhusu sana. Watu wetu wengi wamevuka ziwa, wakaishi Kigoma, wakaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na waliorudi walirudi wakizijua noti za shilingi 500 za Tanzania, ambazo nyuma zilikuwa na picha ya ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani. Wengi waliishika picha hiyo mkononi kila siku wakinunua dagaa na mafuta ya taa bila kuambiwa ni jengo gani. Tena kuna sababu nyingine. Mwaka ambao Chagula alipewa chuo, 1965, ndio mwaka ambao Fizi yetu ilikuwa mikononi mwa waasi, na usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili mashua kutoka Kigoma ilimshusha Che Guevara pale Kibamba, kwenye pwani hii hii. Upande mmoja wa ziwa watu walikuwa wakipigania nani atawale. Upande wa pili watu walikuwa wakipeana ofisi.

Chuo chenyewe kilikuwa bado kichanga. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita tu kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU kwenye mtaa wa Lumumba. Chama kilikuwa kimejijengea makao, kikayatoa yawe madarasa. Wanafunzi walikuwa 14, wote wa sheria, na shahada zilisimamiwa na Chuo Kikuu cha London. Mkuu wa chuo alikuwa Cranford Pratt, Mkanada mwenye umri wa miaka 35, mtu wa sayansi ya siasa ambaye katikati ya miaka ya 1950 alikuwa amefundisha Makerere. Mwaka 1963, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipozinduliwa na Mwalimu Nyerere kuwa mkuu wake, Dar es Salaam ikawa mmoja wa washiriki watatu. Mwaka uliofuata wanafunzi wakahama mjini, wakapanda kwenye kilima kilicho kama kilomita 13 kutoka katikati ya jiji. Ndipo jina la Mlimani lilipozaliwa.

Pratt alikaa miaka minne. Alipoondoka 1965 na kurudi Toronto, chuo kilikuwa na kitivo cha sheria, kitivo cha fani na sayansi za jamii, na kitivo cha sayansi kilichokuwa kikianza mwaka huohuo. Naona kazi yake kubwa kuliko majengo yote ilikuwa kwamba aliyempokea alikuwa tayari yumo ndani. Chagula alikuwa makamu wake. Aliyajua mafaili, aliwajua wahadhiri na ugomvi wao, alijua fedha zinatoka wapi na zinacheleweshwa na nani. Hakuja siku ya kwanza na kuuliza funguo ziko wapi. Mtu aliyewahi kufanya kazi katika taasisi yoyote, hata shule ya sekondari yenye madarasa sita, anajua tofauti kati ya kupokea kazi uliyoifanya bega kwa bega na kupokea kazi uliyoisikia redioni.

Kwetu Kongo, miaka hiyohiyo, mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Lovanium, chuo kikuu cha Kikatoliki kilichojengwa juu ya kilima nje ya Léopoldville, kilianza 1954 chini ya Monsinyori Luc Gillon, padri Mbelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia. Alikijenga kwa nguvu za ajabu, hadi mwaka 1959 kikawa na tanuri la nyuklia la utafiti, la kwanza katika bara la Afrika. Lakini uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika 30. Mwaka 1964 wanafunzi wa Lovanium waligoma wakidai, pamoja na mengine, kwamba chuo kiwe cha Kiafrika katika uongozi wake. Rekta wa kwanza Mkongo, padri Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Katanga, aliingia 1967. Gillon alikuwa amekaa miaka 13. Simlaumu kwa kujenga. Ila miaka 13 ni mingi kwa nchi iliyokuwa na haraka kama yetu, na ule mgomo wa 1964 unaonyesha kwamba wanafunzi walikuwa wameshaanza kuhesabu.

Turudi Mlimani. Chagula hakupewa hata miaka miwili ya kupumua. Serikali ilitunga sheria kwamba wahitimu wa vyuo wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na muda uliobaki kazini wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mjini wakiwa wamevaa majoho ya kitaaluma, na miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililosema kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Walifikishwa Ikulu. Mwalimu aliwasikiliza madai yao hadi mwisho, akaanza kujibu, na kadiri alivyosema ndivyo hasira ilivyompanda. Akatangaza palepale kwamba atapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisha akawafukuza. Walirudishwa makwao chini ya ulinzi wa polisi, watu karibu 400 kwa jumla kutoka vyuo mbalimbali, na zaidi ya 300 kati yao walikuwa wa chuo cha Chagula.

Hapa ndipo ninapomfikiria mkuu wa chuo kwa karibu. Jumamosi asubuhi alikuwa na wanafunzi, jioni mabweni yalikuwa wazi. Amri haikupitia ofisini kwake, ilitolewa Ikulu, tena na mtu ambaye kwa cheo kingine alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, yaani mkubwa wake wa kazi. Asingeweza kumwambia Rais kwamba mambo ya wanafunzi ni ya baraza la chuo. Na wahadhiri, wengi wao wageni kutoka Ulaya na Amerika, walimtazama yeye wajue kama chuo kitakuwapo mwaka ujao. Kilikuwapo. Masomo yaliendelea kwa waliobaki, Wakenya na Waganda wakiwamo, na wengi wa waliofukuzwa walirudishwa mwaka uliofuata wakamaliza masomo yao. Baadhi wakaja kuwa viongozi wakubwa wa nchi, kama Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Kukilinda chuo kisifungwe mwaka kama ule hakuandikwi kwenye jiwe la msingi, lakini mtu aliyekuwa mezani ni Chagula.

Miezi mitatu na nusu baada ya maandamano, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa. Swali likapanda Mlimani mara moja: chuo kilichoanza chini ya London kitafanya nini katika nchi ya ujamaa? Mwezi Machi mwaka huohuo uliitishwa mkutano mkubwa chuoni wa kulijadili hilo. Wapo waliotaka chuo kibadilishwe kuanzia mitaala hadi chakula, na wapo walioogopa kwamba elimu itageuzwa kuwa semina ya chama. Walter Rodney, Mguyana, alikuwa amefika kufundisha historia mwaka 1966, akaondoka 1967, kisha akarudi 1969. Kitabu chake kikubwa cha 1972, juu ya namna Ulaya ilivyoikwamisha Afrika, kilitokana na hewa ile. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi pale kuanzia 1967. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto walikuwa na umoja wao uliowakusanya vijana kutoka nchi nyingi za Afrika, na Novemba 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche, lenye makala kali zilizowapima hata wakubwa wa chama.

Mkuu wa chuo aliyetoka katika maabara ya anatomia alikaa katikati ya haya yote. Serikali ilitaka chuo kitiifu zaidi, wanafunzi wa kushoto walitaka chuo kikali zaidi, wahadhiri wa zamani walitaka chuo kitulivu zaidi. Katika makelele hayo chuo kilikua. Mwaka 1968 shule ya udaktari ya Dar es Salaam ikawa kitivo cha tiba. Nadhani kwa daktari kama yeye siku ile ilikuwa tamu. Mwaka 1969 kikaongezeka kitivo cha kilimo huko Morogoro, ambacho ndicho mzizi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha leo, kama vile Muhimbili ya leo ilivyotoka katika kile kitivo cha tiba. Kwa hiyo vyuo vikuu viwili vikubwa vya Tanzania vina mizizi yao ya kitaaluma katika miaka ya Chagula. Inashangaza jinsi jina lake linavyotajwa kidogo.

Kisha ukaja mwaka 1970. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na kila nchi ikachukua chake. Watu wengi hukumbuka mgawanyo huo kama habari ya mipaka, mali na fedha. Mimi naona jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni la watu. Vyuo vyote vitatu vilibadilisha viongozi kwa mpigo, na vyote vitatu vilichukua wapya wao serikalini au katika chama. Nairobi, Arthur Porter, mwanahistoria kutoka Sierra Leone, alimwachia Josephat Karanja aliyekuwa balozi wa Kenya mjini London. Makerere, Yusuf Lule, aliyeiongoza tangu 1964, alimwachia Frank Kalimuzo, aliyekuwa mtumishi wa ngazi ya juu kabisa katika serikali ya Uganda. Na Dar es Salaam, Chagula alimwachia Msekwa, ambaye alikuwa ametoka kuwa katibu wa Bunge kisha katibu mtendaji wa TANU. Nchi tatu zilizokuwa zikienda njia tatu tofauti, Kenya ya soko, Tanzania ya ujamaa, Uganda ya Obote, lakini katika hili zilifikiri sawasawa: chuo kikuu ni mali ya dola, na ofisi yake kuu ikaliwe na mtu ambaye dola inamjua.

Msekwa mwenyewe alikuwa msomi wa Makerere na mtu wa kazi. Aliongoza miaka saba. Kitivo cha uhandisi kilifunguliwa 1973 yeye akiwapo. Siwezi kumfanya mbaya wa hadithi, na hadithi yenyewe haimhitaji mbaya. Ila njia aliyoingilia ilikuwa tofauti na njia aliyoingilia Chagula, na tofauti hiyo ilionekana mapema. Novemba 1970 jarida la Cheche lilipigwa marufuku, na umoja wa wanafunzi waliolitoa ukavunjwa. Julai 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Mkenya aliyeitwa Simon Akivaga, aliyekuwa akiupinga waziwazi uongozi wa chuo, alikamatwa kampasini na askari wenye silaha akarudishwa Kenya. Wanafunzi walisusia masomo, na wahadhiri kadhaa wakasimama upande wao. Askari mwenye bunduki mbele ya jengo la utawala ni kitu ambacho chuo hakikusahau, na wanaoandika historia yake hadi leo huanzia hapo wanapotaka kuzungumzia uhuru wa kitaaluma Tanzania.

Kampala iliona mabaya zaidi. Idi Amin alichukua nchi Januari 1971, na mwaka 1972 watu wa usalama walimchukua Kalimuzo. Hakuonekana tena. Yule aliyemwachia ofisi, Lule, alikuja kuwa Rais wa Uganda kwa siku 68 mwaka 1979. Nasi huku Kongo, Juni 1969 wanajeshi walikuwa wameshawapiga risasi wanafunzi wa Lovanium walioandamana Kinshasa. Juni 1971, miaka miwili baadaye, wanafunzi walipowakumbuka wenzao waliokufa, Mobutu aliwaingiza jeshini kwa lazima. Agosti mwaka huohuo Lovanium, chuo cha Lubumbashi na kile cha Kisangani vikaunganishwa kuwa kitu kimoja, UNAZA, chini ya serikali, na Tshibangu akawa rekta wa huo mkusanyiko wote. Ukiziweka tarehe hizi mezani pamoja, 1970, 1971, 1972, unaona kwamba Chagula aliondoka wakati mlango mzima ulikuwa ukifungwa, kutoka Bahari ya Hindi hadi mto Kongo.

Yeye mwenyewe hakupotea. Mwaka huohuo wa 1970 aliingia katika baraza la mawaziri, akapewa wizara ya maji na nishati. Baadhi ya watu wataona hapo ni kupanda cheo, na kwa mshahara na heshima ilikuwa hivyo. Mimi naona pia hasara ambayo haikuhesabiwa. Chuo kilikuwa na mtu aliyejifunza, kwa miaka mitano ya moto, namna ya kukaa kati ya Ikulu na mabweni. Maarifa ya namna hiyo hayamo katika cheti chochote. Yanakaa katika kichwa cha mtu na katika mazoea ya ofisi yake, na mtu akihamishwa kabla hajamwandaa wa kumfuata, yanaondoka naye kwenye gari lilelile linalobeba vitabu vyake. Pratt alikuwa ameacha makamu anayejua kazi. Chagula hakupewa nafasi ya kuacha wake, kwa sababu mrithi hakutafutwa Mlimani.

Hilo ndilo linalonifanya nimwandike huku Fizi. Katika taasisi zetu za elimu ya juu, kuanzia Uvira hadi Baraka, uongozi unabadilishwa kwa agizo kutoka Kinshasa. Mkurugenzi mkuu, katibu mkuu wa taaluma, katibu mkuu wa utawala na mhasibu wa bajeti wanaweza kusikia majina ya warithi wao siku moja na watu wa sokoni. Halafu inakuja ile tunayoiita remizi na reprizi: meza inapangwa uani, mwakilishi wa utawala anafika, hotuba mbili zinasomwa, anayetoka na anayeingia wanatia saini karatasi zilezile, wanapeana mkono mbele ya kamera, soda zinafunguliwa. Inachukua saa mbili. Karatasi zinasema kuna kompyuta ngapi, magari mangapi, na viti vingapi vimevunjika. Hazisemi ni mwalimu gani hajalipwa na kwa nini, ni mwanafunzi gani ana madai ya haki ambayo yamekaa mezani tangu mwaka jana, ni ahadi gani ilitolewa kwa kijiji kilichotoa kiwanja. Anayetoka anayajua hayo yote, na mara nyingi hakuna anayemuuliza. Mara nyingine anatoka kwa uchungu, kwa kuwa ameondolewa bila kuambiwa sababu, naye anafunga mdomo.

Wakati Mlimani inapohesabu miaka yake kila Oktoba 25, ningependa isimulie pia ile miezi ya katikati ya 1970, na isimulie kwa majina: nani alimkabidhi nani, wakiwa katika hali gani, na nini hakikukabidhiwa. Miaka ya Chagula ina barua, kumbukumbu za vikao vya baraza na ripoti za mwaka, na wapo bado baadhi ya wanafunzi wa wakati ule wanaoweza kuulizwa, ijapokuwa idadi yao inapungua. Kwetu, ambako taasisi nyingi za pwani hii ya ziwa bado ni changa, kazi inaweza kuanza mapema zaidi. Wiki moja kabla ya remizi na reprizi, anayetoka na anayeingia wakae pamoja siku kadhaa ofisini, bila kamera na bila soda, na mwandishi mmoja wa chuo aandike wanachoambiana: madeni, ahadi, migogoro, majina. Daftari hilo libaki chuoni, ndani ya kabati lenye ufunguo mikononi mwa katibu, na asiruhusiwe mkurugenzi yeyote kuondoka nalo kwenda nyumbani.